Sinki Lisilovuja

Nyie mlio hai, hamjui mnavyotusumbua.

Huku nilikofikia baada ya kufa hakuna moto wala bustani. Kuna kutajwa tu. Mtu akikusema kwa mdomo, hapohapo unavutwa mpaka alipo, huonekani wala husikiki. Wakimaliza kukusema, unarudishwa gizani. Kukuwaza moyoni hakuhesabiki. Bibi mmoja mshona nguo ndiye aliyenieleza haya, na kabla hajamaliza naye akavutwa.

Mimi nilikuwa fundi bomba. Mtaani waliniita Chapchap, na sikuitwa bure. Kiungio nakaza nusunusu, tepu nyeupe mzunguko mmoja, huyoo nimeondoka. Sasa nakiona cha mtema kuni. Mara niko chooni kwa mwalimu mkuu: "Chapchap mshenzi sana!" Sijapumua, niko jikoni kwa mama mmoja, maji yamejaa sakafuni, ananitukana huku anakamua tambara. Jamani, si nimeshakufa! Kutulia kidogo tu? Wapi!

Matusi ningeyavumilia. Ninachotaka ni kufika kwa binti yangu. Nilikufa mimba yake ina miezi minane, na mpaka leo sijui alijifungua nini. Mwanangu huyo akiumia hufunga mdomo. Mama yake alipofariki, miaka sita hakumtaja hata mara moja, na mimi nikimtaja, aliinuka akatoka chumbani.

Nikajipa moyo: bomba lake litavuja tu, fundi atauliza nani alilifunga, naye atasema ni baba.

Siku moja nikavutwa ghafla. Kuangalia hivi, ngazi zilezile, mlango uleule wa kijani! Nusura nipige kelele. Kumbe ni kwa jirani yake, milango yao inafanana. Sinki la jirani nililifunga jioni ya siku ileile niliyofunga la binti yangu, kwa vipande vilivyobaki.

"Ni marehemu Chapchap huyu," jirani alikuwa anamwambia fundi mpya, aliyelala chini ya sinki na spana yake. "Sijui alikuwa anakimbilia wapi." Akaendelea kunisema, nami nikaomba asinyamaze.

Nikabandika sikio ukutani. Upande wa pili bomba likafunguliwa. Nikasikia mtoto anapiga maji kwa viganja, anacheka, na binti yangu anamwimbia. Wa kike au wa kiume, sikuweza kujua. Maji yakashuka kimya, hakuna tone lililoanguka pembeni.

Ndipo nikakumbuka. Pale kwa binti yangu nilitumia viungio vya shaba, tepu mizunguko kumi na miwili, nikashinda mchana kutwa nalijaribu. Aliniuliza, "Baba, litadumu?" Nikamjibu kwa majivuno, "Mwanangu, hapa hutaita fundi maisha yako yote."

"Vuja," nikaliambia bomba lake huku nalia. "Vuja hata kidogo, nakuomba."

"Tayari, mama," fundi mpya akasema, akajifuta mikono. "Hili halitakusumbua tena."

Jirani akafungua maji, akainama kutazama chini. Pakavu. Akamshukuru fundi, wakaanza kuzungumzia mambo mengine.