Fundo la Nyasi

Kwao, msafiri hufunga fundo la nyasi kando ya njia ili yule anayemwendea amngoje, asile kabla yake, asiondoke. Tusekile amelifunga lake karibu na lango la hifadhi ya nyika, akimfikiria mama yake aliye hoi wodini, kisha anaketi kwenye benchi akaze kamba za viatu. Kabla hajamaliza cha pili, usingizi wa siku zote za kuuguza unamwelemea, na hapo hapo anajikuta anakimbia. Kibao kinasema Njia Rahisi, na kweli ni rahisi, tambarare tupu, nyasi za kifuani zinalala na kuinuka. Kaka yake Ambokile ndiye aliyemwondoa kitandani pa mgonjwa, akisema akanyooshe miguu, yeye atabaki na mama. Mzunguko mmoja tu, basi. Anapita kona, anapita benchi, lango halipo. Anapita kona tena, benchi lile lile, lango halipo, na hasira inampanda. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure. Hao hawakuwahi kuzunguka hapa.

Benchini sasa ameketi askari wa hifadhi, sare yake imepigwa pasi, ila uso hana, mahali pake ni laini kama kitako cha kibuyu. Tusekile, ambaye adabu haimtoki hata akiwa amekasirika, anamwamkia, halafu anamwuliza lango liko wapi. Lango liko nyuma ya anayekungoja, dada, askari anajibu. Nani ananingoja? Uliyemsimamisha. Sikuja hapa kutegewa vitendawili, anafoka, nina mgonjwa, na anaendelea kukimbia, kwa sababu kusimama nako hakumsaidii.

Njia inamwingiza katika mji uliosimama katikati ya nyasi, nyumba zote madirisha ya vioo, na katika kila kioo badala ya kujiona yeye anamwona mama yake. Hajalala. Ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, kifurushi mapajani, amejifunga kitenge chake cha safari. Lala, mama, utaanguka, anamwambia huku anakimbia. Nimechoka kukaa, mwanangu, magari yananipita. Ningoje kidogo, namalizia mzunguko. Ndivyo unavyosema kila ukipita, mama anajibu, bila ukali, na hilo ndilo linalomuuma Tusekile kuliko yote. Ameacha kazi, ameacha usingizi, amemlisha uji kijiko kwa kijiko, leo anaambiwa kama aliyemfungia mtu ndani. Anataka kupiga kelele. Anakimbia, na mji unarudi, na vioo vinarudi, na viatu vile vinarudi, vimefungwa vizuri kuliko vyake.

Mara ya mwisho anasimama kwa sababu pumzi imekwisha. Pembeni nyasi zote za nyika zimefungwa mafundo, mpaka macho yanapoishia, na askari asiye na uso yuko kiunoni mwa nyasi hizo akimtazama, kama mtu asiye na macho anaweza kutazama. Fungua moja tu, anasema, lako. Tusekile analijua lake, limepindwa kwa mkono wa kushoto kama mama, mtu wa mashoto, alivyomfundisha. Analishika. Vidole vinakataa. Sitaki, anasema, na analia kwa hasira, sitaki, sitaki.

Anazinduka benchini, kiatu kimoja hakijafungwa, simu inalia. Ni Ambokile. Rudi, dada, anasema. Mama amekataa hata maji, anasema anakungoja wewe. Kisha sauti yake inapungua. Amekaa kitandani na viatu vyake, na mimi sikumvisha.

Tusekile anatazama njia, anatazama kibao, hajui kama ameamka au ameanza mzunguko mwingine. Fundo lipo pale pale, limekazika kwa umande. Anapiga magoti, anabana simu kwa bega, analifungua taratibu, unyasi mmoja mmoja, na safari hii vidole vinatii.

Mwambie nakuja, anasema. Lakini mwambie asiningoje.

Anainuka na kuanza kukimbia kuelekea langoni, kamba ya kiatu ikiburuzika.