Msitu wa Kulipia Moshi

Houssein alikuwa fundi cherehani wa Gitega, Burundi, na katibu wa klabu ya mpira, na kati ya kazi hizo mbili, ya pili ndiyo iliyomvimbisha kichwa. Ukutani mwa kibanda chake alikuwa amebandika vipande vya tiketi za ndege. Mteja akija kupimwa suruali, alisimuliwa kwanza jinsi mawingu yanavyoonekana kutoka juu. Kwamba timu ilibadilisha ndege tatu kwenda kaskazini mwa Afrika, ikafungwa sita bila, ikabadilisha nyingine tatu kurudi, hilo alilipitia haraka haraka. Akiwa peke yake alijicheka. Katibu gani huyu, ambaye kazi yake kubwa ni kula kuku wa kwenye ndege na kuficha kijiko mfukoni?

Kisha wafadhili wa Ulaya waliokuwa wakilipia safari hizo wakaandika barua. Ndege zinatoa moshi mwingi, walisema, na moshi huo unavuruga mvua za dunia nzima; kwa hiyo kila klabu iulipie kwa kuotesha miti. Msitu bora utapata tuzo, huko huko Ulaya. Mvua kweli zilikuwa zimeanza kuja zinavyotaka. Wateja wake wa Bugendana walilalamika kuwa maharage yanaungua kabla ya kutoa maua. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba yeye na kuku wake wana mkono katika jambo hilo. Aliona aibu, kidogo. Halafu akafika mahali pa kuahidi idadi ya miti, akaandika elfu tatu, kwa sababu elfu moja ilionekana ndogo kwa mtu wa hadhi yake.

Shamba hakuwa nalo. Aliyekuwa nalo ni shangazi yake Amisa, mjane aliyeishi Mwakiro kule Muyinga, aliyemlea tangu mama yake afariki. Shangazi akampa mteremko ulio juu ya chemchemi bila kusita. Jumamosi ya kazi za jamii, klabu nzima ikaenda na majembe. Miche aliichagua Houssein: mikaratusi mitupu.

"Ikaratusi juu ya maji?" alishangaa jirani, mama Hidaya. "Hapana! Ile iko inakunywa sana."

Houssein akamjibu kuwa ndiyo inayokua haraka, na wafadhili wanataka picha. Akapigwa picha ameegemea jembe, amevaa koti lake la safari. Kwa mkono wake mwenyewe aliotesha miche miwili.

Mwaka wa nne miti ilikuwa imeipita nyumba kwa urefu. Mwendesha pikipiki wa Mwakiro alimpigia picha, Houssein akazituma Ulaya, na jibu likaja: msitu wake umeshinda, katibu aje kupokea tuzo. Ndege tatu kwenda, tatu kurudi. Mtu analipia moshi wa ndege, anazawadiwa ndege! Houssein alicheka mpaka akajichoma na sindano, kisha akaanza kujishonea suti.

Wiki ya safari akaenda Mwakiro kumuaga shangazi, baada ya zaidi ya mwaka bila kufika. Siku zote, kabla hata ya kuulizana habari, shangazi humpa kikombe cha maji ya chemchemi, baridi, ayanywe pale pale mlangoni. Siku hiyo salamu ziliisha, za watoto, za mjini, za cherehani, na kikombe hakikuja. Houssein akaomba.

"Ngoja kidogo. Mkwe wangu Salama alishaenda kuyatafuta. Atarudi saa sita."

Ilikuwa saa tatu.

"Kuyatafuta wapi? Chemchemi si ile pale chini?"

Shangazi aliinamisha macho. "Ile ilishakauka, mwana wangu. Inafika mwaka. Ilianza kutoka kidogo kidogo, kisha basi."

"Mwaka mzima! Mbona hukuniambia?"

"We ulisema ukishinda watakuita Ulaya. Mi nikikuambia, utaikata ile miti. Nikawaambia majirani wote: hakuna mtu wa kumwambia Houssein mpaka apande ndege."

Houssein alishuka bondeni. Mawe aliyokuwa akiyasimamia utotoni, akiogeshwa, yalikuwa makavu, yamefunikwa majani ya mkaratusi. Akakaa juu yake, akalia. Mwanamke aliyemlea alikuwa amevumilia kiu mwaka mzima ili yeye akale kuku wa kwenye ndege.

Alipopanda tena, aliazima shoka kwa mama Hidaya, akavua koti. Mti wa kwanza ulimtoa jasho na malengelenge. Wa pili ukaanguka kando, majirani wakampigia makofi, kisha wakamhurumia, wakaja na mashoka yao. Alipopumzika akawaandikia wafadhili kwa simu: "Msitu haupo tena, ulikuwa ukinywa maji ya shangazi yangu. Tiketi mpeni mwingine. Afadhali msimpe mtu."

Saa sita Salama akapanda mlima, bidoni ya maji kichwani. Shangazi akajaza kikombe, akampelekea Houssein kwanza, kama kawaida yake. Houssein akakipokea kwa mikono yote miwili, akamrudishia.

"Kunywa wewe kwanza, shangazi."

Akasimama mpaka alipoona kikombe kimekwisha. Kisha akachukua bidoni mbili tupu, akamwuliza Salama njia ya kwenda majini.