Mikono Tisini na Minne

Mwalimu Mishi alikuwa na ujanja wake, na ujanja wenyewe ulikuwa huu: akiuliza swali, darasa zima linanyoosha mikono. Anayejua ananyoosha mkono anaoandikia. Asiyejua, ule mwingine. Mwalimu anachagua mkono wa kulia, mgeni anaona darasa la wenye akili, watu wanaagana salama. Darasa la saba pale Mlali walishauzoea, hata siku zisizo na mgeni.

Leo mgeni alikuwepo. Bwana Ebenezer, mthibiti ubora wa shule, aliketi kando ya mlango, kalamu mkononi. Mishi alikuwa mwalimu wa mkataba, na mkataba ulikuwa unaisha Ijumaa. Mwalimu mkuu alishamwambia bila kumung'unya maneno: ripoti ikiwa mbaya, asihangaike kurudi Jumatatu.

Somo lilikuwa kuchora sentensi za Kiingereza. Unapiga mstari mlalo. Kiima kinakaa kushoto, kitenzi kinafuata, na mstari wa wima unavitenganisha. Maneno ya kupamba yananing'inia chini. Sentensi moja waliirudia wiki nzima, mpaka mbuzi wa jirani angeweza kuichora.

Bwana Ebenezer akasimama, akaifuta ubaoni. Akaandika yake: The old woman sells red onions.

"Nani atatuchorea hii?"

Mikono tisini na minne ikapaa. Mishi akaitazama. Karibu yote ilikuwa ya kushoto! Akafungua mdomo amwite Joel, mmoja wa wachache walionyoosha wa kulia.

"Hapana, mwalimu. Leo nachagua mimi." Mgeni akapita taratibu katikati ya madawati mpaka nyuma kabisa, ambako Mishi mwenyewe alikuwa hafiki. "Wewe binti, mwenye mkono wa kushoto. Njoo."

Mwanaidi. Mungu wangu, kati ya wote, Mwanaidi! Tangu Januari hakuwahi kunyoosha mkono wa kulia hata siku moja. Wiki iliyopita tu Mishi alimwambia mama yake, muuza vitunguu: "Mama Mwanaidi, tusidanganyane, huyu hana kichwa cha shule. Mzoeshe biashara mapema." Mama akaitikia "Haya, mwalimu," akaondoka ameinama.

Mishi alishindwa kutazama. Akajitia kupanga madaftari mezani, akiwaza nauli ya kurudi kwao Kondoa. Chaki ikakwaruza. Ikanyamaza. Ikakwaruza tena.

"Vizuri sana," alisema Bwana Ebenezer.

Mishi akageuka. Woman mahali pake, sells mahali pake, kisha onions. The na old chini ya woman, red chini ya onions. Hakuna kilichokosewa. Na mtoto alikuwa bado ameshika chaki, kwa mkono wa kushoto.

Mgeni aliondoka ameridhika, ripoti ikawa nzuri. Kengele ilipolia Mishi akamzuia Mwanaidi mlangoni.

"Kumbe unaandikia kushoto? Mbona hukuniambia?"

"Mwalimu, si ulisema anayejua anyooshe mkono anaoandikia?" Mtoto alijibu kwa woga, utadhani ndiye mwenye kosa. "Mimi nilikuwa nanyoosha kila siku."

Mkataba ulikuwa umepona, lakini Mishi hakuwa na furaha hata chembe. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mama yako yuko wapi saa hizi?"

"Mnadani, mwalimu."

Mishi akajipangusa vumbi la chaki, akachukua mkoba wake.

"Nipeleke."