Jicho la Kushoto la Tusekile

Mimi Sadoki nilikuwa nimefunga vidonda misheni kwa miaka kumi na mmoja, na watu kutoka Ipinda mpaka ufukweni mwa ziwa waliniita bingwa wa macho. Bingwa! Jicho lililoharibika nyumbani kwangu sikuliona.

Lilikuwa la Tusekile, mke wa mwanangu Asegelile, binti wa kabila la Wakisi aliyekuja kwetu na ufundi wake wa kufinyanga. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani. Akinisikia nakohoa njiani, aliingia migombani akajifunika nguo mpaka nipite. Daktari Mjerumani wa misheni alinicheka kwa hilo. Mimi nilijivuna kwamba nimebatizwa na bado nina adabu.

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Wazungu, daktari alipanda meli kwenda kusini, akaniachia sanduku la dawa. Asegelile naye alikuwa amechukuliwa na askari kupeleka mizigo bomani Langenburg. Asubuhi moja mke wangu Veronika akaniambia, "Mkamwana kichwa kinamuuma, anatapika."

"Homa hiyo," nikasema, hata uso sikuinua. "Mpe kwinini."

Siku ya pili nikauliza; bado. Nikaongeza kwinini. Siku ya tatu nikamsikia akilia ndani ya nyumba yake ya mianzi, hatua sita tu kutoka nilipokuwa nakula. Angekuwa mgonjwa mwingine yeyote, ningemfunua kope siku ya kwanza. Huyu nilimtibu kwa kusimuliwa, nikaendelea kula wali wangu.

Siku ya nne Veronika akashindwa kunyamaza. "Anasema jicho la kushoto ni giza tupu. Lilizimika ghafla akichoma vyungu. Aliona moto umezungukwa na rangi za upinde wa mvua. Anadhani ni adhabu, kwa sababu asubuhi ya siku hiyo alikutana nawe mtoni akakutazama usoni. Aliniomba nisikwambie."

Nikarudisha tonge sahanini. Dalili hizo daktari alinifundisha. Nikaenda mpaka ukutani kwake na kwa mara ya kwanza nikasema naye.

"Mwanangu, fumba macho. Bonyeza moja juu ya kope kwa vidole viwili, taratibu, kisha jingine. Yakoje?"

  Ikaja sauti nisiyoizoea, ya woga. "Baba, la kulia ni udongo uliokandwa vizuri. La kushoto limekauka, halifinyangiki tena."

Daktari mwenyewe asingepata jibu la wazi kuliko hilo. Maji yalijaa jichoni yakakosa pa kutokea, yakaua uoni. Dawa ya matone ilikuwa sandukuni siku zote nne, na siku ya kwanza ingetosha. Nikapenyeza chupa chini ya mlango, nikamwambia atie macho yote mawili, maana la kulia nalo lingeweza kufuata.

"Ndaga, baba," akasema. Alinishukuru, mimi! Nililia palepale, Veronika akinitazama.

La kulia lilisalimika. La kushoto halikurudi.

Siku hizi sikohoi tena njiani. Nikimwona anakuja na chungu kichwani, nami niko upande wake wa kushoto, yeye hanioni, hakimbii. Mimi ndiye ninayeingia migombani, nikajifunika uso mpaka apite.