Rangi ya Vyondo

Muindi, bingwa wa utundu katika shule moja ya bweni huko Kitui, mtu aliyewahi kumfunga tai mbuzi wa mwalimu mkuu na kumpeleka paredi, alirudi nyumbani Mbumbuni likizo ya Agosti akapewa kazi ya kwanza ya heshima maishani mwake. Aliyempa ni kaka yake Nzioka, kutoka kitandani.

"Nikifa wataniletea suti," Nzioka alisema.

Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani na dawa za maumivu na maneno matamu. Saratani ya damu ilikuwa imewashinda.

"Suti ni vazi la heshima, ndugu mpendwa," Muindi alijibu kwa sauti ya mchungaji.

"Wee! Nionekane ninaenda intavyu? Nishonee tisheti. Zambarau. Niivae nikiwa hai, halafu niende nayo."

"Niape?"

"Usiape. Wewe kila ukiapa, kuna mtu huchapwa."

Basi fundi akaanza kazi. Kitambaa hakikuwepo, akatoa shuka lake la shule, pamba tupu, lenye jina lake ukingoni kwa wino usiofutika. Akalilaza juu ya shati kuukuu la Nzioka, akakata, akaketi kwenye cherehani ya Susu Kalondu, bibi yao, akakanyaga kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Alipomaliza aliijaribu mwenyewe. Shuka halivutiki kama tisheti ya dukani. Kichwa kilikwama shingoni. Susu alimkuta uani, mikono juu, hana uso.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Susu. Naomba."

"Utaomba ukitoka. Makasi yako wapi?"

Shingo ikapanuliwa. Ikabaki rangi, na kuhusu rangi hakuna mtu katika boma lile aliyekuwa na wasiwasi. Susu alisuka vyondo tangu kabla baba yao hajazaliwa, na ile poda ya sokoni anayochemshia mkonge kila mtu aliijua. Kiondo hunyeshewa, huburutwa, hubeba maharagwe mpaka mkanda unakatika, na rangi iko palepale. Kama inashika mkonge mgumu vile, itashindwa na pamba laini? Susu mwenyewe aliona hoja ina uzito. Pamba hakuwahi kuitia rangi siku yoyote.

Wakachemsha. Muindi aligeuza kitambaa kwa mikono mitupu, glavu akiwaachia madaktari. Tisheti ikatoka sufuriani na zambarau ya kifalme.

"Isuuze," Susu alisema.

"Nitaipunguza rangi, Susu. Na yule anangoja."

Kweli alikuwa anangoja. Alishauliza mara tatu kupitia dirishani. Ilipokauka, Muindi alimvalisha, akistaajabu jinsi mikono ya kaka yake ilivyopita kwenye tisheti bila kugusa popote.

"Nakaa aje?"

"Kama askofu aliyenyimwa chakula."

Nzioka alicheka mpaka ikabidi ashikwe.

Asubuhi mama yao aliingia na uji, akapiga ukemi uliowaleta majirani. Homa ilikuwa imetoa jasho, jasho limetoa rangi, na mwanawe alikuwa zambarau kuanzia kidevuni hadi kiunoni.

"Mwaitu, tulia," Nzioka alimwambia mama yake kwa sauti ndogo. "Sijafa. Nimeiva tu."

Huo ndio uliokuwa mzaha wake wa mwisho. Mama aliiloweka tisheti. Beseni la kwanza likawa zambarau, la pili likawa zambarau, na kilichotoka mwishoni ni shuka la shule lenye mikono, jeupe chafu, jina la Muindi likisomeka vizuri kwenye pindo. Mkonge huinywa rangi ile. Pamba ilikuwa imeiazima tu. Ngozi nayo ikaishika kama mkonge. Mama alisugua kwa sabuni, akasugua kwa ndimu, mpaka Nzioka akasema inauma. Akaacha.

"Nitafanya nyingine," Muindi alisema.

"Fanya haraka," Nzioka alimjibu, wala hakuwa anatania.

Rangi ya pamba ilibidi iagizwe Nairobi. Ilipofika Mbumbuni, Nzioka alikuwa mochari.

Waliomwosha walishindwa na rangi ile. Shingo ilichomoza zambarau juu ya kola ya suti, maana suti ilikuwa imeshanunuliwa. Baba yao, Mzee Mutisya, alikuwa mzee wa kanisa na aliwajua washirika wake. Mmoja angesema sumu, mwingine angesema uchawi, na wote wangeyasema wakishika sahani za pilau. Akaamua jeneza lisifunguliwe.

"Baba, nimwone kidogo tu."

"Ulishamwona."

"Basi tisheti hii nyingine niiweke ndani. Nimeisuuza, haichuji."

Baba alitazama mikono ya Muindi, iliyokuwa zambarau hadi vifundoni. Hakugombeza. Ingekuwa afadhali angegombeza.

"Weka mikono mfukoni," alisema. "Watu wanakuja."

Muindi, ambaye hakuwahi kutii amri hata ya kengele, alitii. Watu walipopita kaburini kutupa udongo, kila mmoja konzi yake, alisimama na mikono mfukoni. Hakutupa. Mashangazi walisema mtoto huyu ana moyo mgumu, hata kwa ndugu yake.

Shuleni alianza kunawa kwa ncha za vidole. Alikula githeri kwa kijiko, alipiga deki kwa mguu, alimwachia mwenzake zamu ya kuosha sufuria na kumlipa kwa sukari. Wenzake walingoja waone utundu gani mpya unaandaliwa. Hakukuwa na utundu. Rangi ilianza kutoka viganjani, ikatoka vidoleni, ikatoka bila kumwuliza mtu, mpaka ikabaki mstari mwembamba kwenye kucha ya dole gumba la kulia.

Kucha nayo ikakua, ikausukuma mstari hadi nchani.

Mwangangi, kiranja wa usafi, alifika bwenini siku ya ukaguzi akiwa na mkasi.

"Hiyo ni nini? Unafuga makucha kama kunguru? Kata."

"Kesho."

"Wiki jana ulisema kesho. Muindi, ni kucha tu. Kata."

Muindi aliupokea mkasi. Akaangalia kucha ile kwa muda, bweni zima likingoja mzaha.

Akakata.