Pikipiki ya Ashrafu

Mtu asije akaniambia kwamba mimi Mwinjuma nina roho mbaya. Nina mabinti wawili tu. Wa kwanza, Zubeda, nilimwozesha kwa mwanaume asiye na chombo chochote, kila mahali anakwenda kwa miguu, tena taratibu. Siku Zubeda aliposhikwa na uchungu, bodaboda zote za Masaki, hii yetu ya Kisarawe, zilikuwa zimekwenda mnadani, tukambeba kwenye toroli la mihogo. Mjukuu wangu kazaliwa njiani, katikati ya magunia ya mkaa ya watu. Siku hiyohiyo nikaapa mbele ya mama yao, Kidawa: atakayemtaka Hamisa aje na pikipiki. Kama hana, arudi alikotoka.

Ndipo akaja Ashrafu, fundi simu wa Kongowe ya Kibaha. Kijana mpole, akiamkia anainama mpaka unamwonea huruma mgongo wake, na Hamisa anampenda hadi anaunguza maharage. Mshenga wake nikamuuliza jambo moja tu: ana pikipiki? Akasema anayo, tena ya umeme. Basi nikasema Jumamosi nakwenda Kisarawe mjini kununua salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, kijana aje anichukue huko anirudishe nyumbani. Wazee wa pande zote mbili watakuwa wamekaa barazani wanasubiri. Nikiridhika na hiyo pikipiki, jibu la posa analipata alasiri ileile. Nisiporidhika, asihangaike kurudi tena.

Jumamosi akaja kweli. Chombo cheusi, kinang'aa, taa kubwa mbele, hakina kelele hata kidogo. Hilo la kelele lilinikera, maana pikipiki gani inapita hata kuku hashtuki? Lakini nikapanda. Salfa akaining'iniza kwenye usukani, na mfuko wake akanipa mimi niupakate, akisema una vitu vidogo tu. Tukaondoka. Nisiseme uongo, kinakwenda vizuri. Tatizo ni ule mfuko. Kila tukiingia kwenye shimo, vyuma viwili vinanichoma pajani. Nikajisemea labda ni zawadi ya mama mkwe, nikavumilia.

Zilikuwa zimebaki kama kilomita tatu kufika kwetu, chini ya kile kilima, trafiki akatusimamisha. Mwanamke, kijana bado, kifuani jina lake limeandikwa Atupele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia Ashrafu. "Na hii ni nini?"

Ashrafu akaanza kuipangusa taa vumbi.

"Nakuuliza kwa wema kabisa," akasema afande. "Kama ni pikipiki, namba ya usajili siioni. Nipe leseni yako na bima, halafu unionyeshe kofia ngumu mbili, yako na ya mzee. Kama huna, chombo kinakwenda kituoni na wewe unakwenda nacho. Kama ni baiskeli, hayo yote sikudai. Sasa niambie mwenyewe. Pikipiki au baiskeli?"

Swali jepesi, hata mtoto wa chekechea angelijibu. Lakini Ashrafu akamtazama afande, akanitazama mimi, akarudi tena kwa afande. Kumbe siku zote akikutana na trafiki Kibaha husema ni baiskeli, na kwetu Masaki ametuambia ni pikipiki. Hakuwa amewahi kutukuta sote mahali pamoja.

"Ni pikipiki, afande," akasema.

"Fikiri vizuri. Naona hapa kuna mahali pa kufunga pedeli."

"Ni pikipiki."

"Utalala ndani, kijana."

"Nitalala, afande. Lakini ni pikipiki."

Hapo ndipo mimi nikaufungua ule mfuko. Pedeli mbili, mpya kabisa, zimeviringishwa kwenye fulana. Nikapandwa na hasira, nasema wazi. Njia nzima nimepakata uongo wa watu, tena paja limeniuma bure. Nikafungua mdomo nimtukane, halafu nikamwona anamnyooshea afande mikono afungwe pingu. Anaogopa, lakini neno hageuzi. Angesema baiskeli tu, angegeuza akarudi zake Kongowe, akalale kitandani kwake. Yule mume wa Zubeda sidhani kama amewahi kukosa usingizi hata usiku mmoja kwa ajili ya binti yangu.

"Afande, huyu ni mwongo," nikasema.

"Kivipi, mzee?"

"Hii ni baiskeli. Pedeli zake hizi hapa."

Ashrafu akataka kulia. "Baba, usiseme hivyo, tafadhali. Ni pikipiki."

"Nyamaza wewe. Unajua nini kuhusu baiskeli?"

Afande akageukia pembeni akacheka, halafu akampigia mkubwa wake simu. Walizungumza sana. Nikasikia wati, nikasikia pedeli, nikasikia "hapana, mzee mwenyewe ndiye anayesema." Akakata simu.

"Hizi za umeme na sisi zinatuchanganya," akasema. "Fungeni hizo pedeli, zimeni betri, halafu mtu anyonge mpaka juu ya kilima kile nikiona. Ikipanda kwa kunyonga, nitaihesabu baiskeli."

Spana ya bomba langu la kupulizia ilikuwa mfukoni. Tukafunga. Ashrafu akapanda peke yake, akanyonga kwa nguvu zote, akafika nguzo ya pili ya umeme akasimama, akaanza kurudi kinyumenyume. Sikumshangaa. Mtu anashinda ameinamia simu za watu toka asubuhi, mapaja atayapata wapi? Na ningemwacha, chombo kingekwenda kituoni na yeye nyuma yake.

Mimi ujana wangu wote nimepeleka mkaa Kisarawe kwa baiskeli, magunia mawili nyuma. Nikapandisha suruali hadi magotini, nikamwambia akae kwenye keria.

"Mzee, una umri gani?" afande akauliza.

"Hukunidai umri, ulidai leseni."

Nikanyonga. Nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ashrafu huko nyuma anaomba msamaha bila kupumzika. Nikamwambia aombe kimyakimya, ananiongezea uzito. Tulipofika juu, nikageuka nikamwona afande anatupungia mkono kule chini.

"Baba, sasa tunaweza kuwasha betri," Ashrafu akasema.

Nikakataa. Nimeshatoa ushahidi mbele ya serikali kwamba ni baiskeli, nitaugeuza vipi kabla hata jasho halijakauka? Kilomita tatu zote nilinyonga mwenyewe.

Wazee wakasimama wote barazani walipotuona. Kidawa akatoka jikoni, mwiko mkononi, akaniangalia mimi ninavyohema na mkwe alivyokaa nyuma kwa adabu, amepakata mfuko wake.

"Baba Zubeda," akasema, "pikipiki iko wapi?"

Ashrafu akashuka, akapiga magoti mchangani. "Mama, mimi nilisema uongo," akasema.

Wazee wakanigeukia. Kaka yangu Hashiru akasema, "Basi, Mwinjuma, hawa watu wanataka jibu. Jibu lako nini?"

Nilitaka kuwaeleza yote, la kilima, la trafiki, la mtu kuchagua mahabusu. Pumzi sikuwa nayo. Hamisa akaja na kikombe cha maji, macho yamemvimba, akanipa kwa mikono miwili kama tulivyomfunza, baba kwanza. Koo lilikuwa limenikauka hadi linauma.

Nikakisukuma kile kikombe.

"Mpe mumeo kwanza," nikamwambia.