Banda la Kuku Ukutani

Jinja nzima hakuna anayejua kuwaeleza watu jambo kama Tamim. Aliyesema hivyo ni Tamim mwenyewe. Dada yake Ramlah alipomsihi abebe walau kuku mmoja wa kuwaonyesha wateja Mbale, alimfokea, "Nina picha, niache."

Huko Mbale, kikundi cha akina mama kilikuwa kikitafuta mtu wa kukiuzia vifaranga. Tamim akawasha projekta, na banda kubwa likatanda ukutani. Wanawake walilitazama, kisha wakamtazama mwenyekiti wao, Mama Nusifa. Hakuna aliyepiga makofi. Hasira zikampanda Tamim.

"Mmelala? Banda langu hili. Nimelijenga kwa mikono yangu, kwetu Nalufenya, Jinja."

Mama Nusifa akainuka polepole, akagusa gauni refu lililoanikwa kwenye kamba pichani, kando ya banda.

"Sawa, bwana. Na gomesi yangu imefuata nini uani kwako?"